Habu ya Rohloff yenye gia 14: kutoka Iringa, kona 57 za Matamba, Kitulo, hadi Ziwa Nyasa

Nianze na jibu, maana najua mtu anayesoma maoni ya kifaa anataka jibu kwanza. Habu ya Rohloff Speedhub ndiyo kifaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufunga kwenye baiskeli ya safari ndefu, na kwa milima yetu ya Nyanda za Juu Kusini sijaona cha kushindana nayo. Bei yake ni kubwa mno, na wengi wanaoniuliza nawaambia waiache. Nitaeleza yote mawili.

Kwa asiyeijua: hii ni habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, nene kama kopo la maziwa ya unga, na ndani yake zimo gia 14. Ukiitazama baiskeli kwa nje unaona meno ya mbele, sproketi moja tu (kigurudumu cha meno) nyuma, na cheni iliyonyooka kati yake kama ya baiskeli ya kubebea mkaa. Kazi yote inafanyika ndani, ambako kuna gia ndogo zinazozunguka gia ya kati, zimefungiwa pamoja na mafuta yake. Kampuni ni ya Kijerumani, ilianzishwa 1986 na Bernd na Barbara Rohloff, na mwanzoni ilijulikana kwa cheni. Habu hii iliingia sokoni 1998, na muundo wa ndani wa leo ni ule ule kwa sehemu kubwa. Mimi hilo linanipa imani kuliko tangazo lolote. Kifaa kilichodumu sokoni muda wote huo bila kulazimika kubadilishwa kila mwaka kina watu waliokifikiria vizuri tangu mwanzo.

Gia zake zimepangwa kwa hatua zinazolingana, kila moja ikitofautiana na inayofuata kwa asilimia 13.6. Kutoka nyepesi kabisa hadi nzito kabisa tofauti ni asilimia 526, maana yake mzungusho mmoja wa pedali kwenye gia ya 14 unakupeleka mara tano na zaidi ya unavyokwenda kwenye gia ya kwanza. Mimi nimeweka meno 38 mbele na 16 nyuma, gurudumu la inchi 26. Kwa mpangilio huo gia ya kwanza inanisogeza kama mita 1.4 kwa kila mzungusho. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji Chimala.

Njia yetu ilianzia Iringa. Nilikuwa na rafiki yangu ambaye baiskeli yake ina gia za kawaida za nje, zile zenye mkono unaorusha cheni kutoka sproketi hadi sproketi. Nafurahi alikuwepo, kwa sababu bila yeye ningekuwa nasifia tu bila cha kulinganisha. Tulipita Mafinga, Makambako na Igawa kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kisha tukaiacha lami Chimala, tukapanda Matamba, tukakatiza uwanda wa Kitulo, tukatokea Isyonje, tukashuka Tukuyu na Kyela, tukamalizia Matema ufukweni. Ilikuwa mwezi Machi. Tulichagua Machi kwa ajili ya maua ya Kitulo, tukijua kabisa kwamba mvua na matope ni sehemu ya bei.

Kuhusu kipande cha lami sina mengi. Malori ni mengi, pembeni nafasi ni finyu, na macho yako yote yako kwenye kioo. Misitu ya misonobari ya Sao Hill inapendeza, na ukiwa na upepo mgongoni unakula kilomita. Kwenye lami ya namna hii habu haina cha kuthibitisha. Gia ya 11 ndiyo ya moja kwa moja, yaani habu yote inazunguka kama kitu kimoja, na hapo haisikiki kabisa. Rafiki yangu na gia zake za nje alikwenda sawasawa na mimi, na mara nyingine mbele yangu. Kama safari zako ni za lami tupu, Dar hadi Morogoro na kurudi, okoa hela zako.

Chimala ndiko mambo yalikoanzia.

Pale unaiacha barabara kuu na kugeukia kusini, na mbele yako kuna ukuta wa mlima. Barabara inayoupanda hadi Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Unaanzia kwenye joto la bonde la Usangu, mashamba ya mpunga yako nyuma yako, na unapanda karibu mita elfu moja kwenda juu. Barabara ni ya kifusi. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku, juu kumelainika na chini yake mawe yamekaa kama yalivyotaka. Mzigo wangu ulikuwa mikoba minne pamoja na maji, na maji huwezi kupunguza kwa sababu kupanda ni kwa saa nyingi.

Niieleze kona moja tu, maana nyingine zinafanana nayo. Unaikaribia kwa kipande kilichonyooka ambacho mwinuko wake unavumilika, uko gia ya tatu. Ndani ya kona mwinuko unaongezeka ghafla, kwa sababu magari yameichimba sehemu hiyo na mvua imemalizia. Unataka kupita upande wa nje ambako ni laini zaidi. Lakini kutoka juu unasikia lori, limejaa viazi, linashuka kwa gia ndogo huku likihema, na dereva anahitaji kona yote. Huna ujanja. Unasogea pembeni kabisa, unaweka mguu chini, unasubiri. Dereva anakupungia mkono, utingo juu ya magunia anapiga kelele, "Kaza, kaka!" Lori linapita, matope yanakurukia hadi magotini. Sasa unatakiwa kuondoka tena, umesimama kwenye mwinuko, baiskeli ina mzigo, chini kuna mawe yanayoteleza.

Hapa ndipo gia za nje zinapokunyima. Ili cheni ihame kutoka sproketi moja kwenda nyingine, lazima pedali iwe inazunguka. Ukisimama ghafla kwenye gia isiyofaa, utaondoka na gia hiyo hiyo au utashuka uisukume. Rafiki yangu alikuwa akiinua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, anazungusha pedali kwa mwingine, baiskeli yenye mzigo wote ule, halafu ndipo anapanda. Alifanya hivyo kona baada ya kona. Mimi nilizungusha kishikio mkononi nikiwa nimesimama vile vile, mlio mdogo mara mbili, gia ya kwanza imeingia. Nikakanyaga, nikaondoka. Habu hii inabadilisha gia baiskeli ikiwa imesimama wima, haijasogea hata sentimita. Kama ningetakiwa kuisifia kwa jambo moja tu, ningetaja hilo na kunyamaza.

Na ile mita 1.4 niliyosema? Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 5 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea, lakini bado unaendesha, usukani hautetemeki, na mapigo ya moyo yanabaki yako. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na ndoo kichwani alinipa pole ya mlima, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, zote zikaisha kabla sijampita. Kwenda polepole namna hiyo bila kuanguka ni jambo ambalo waendesha baiskeli hawalipi heshima yake. Watu wakinunua gia wanauliza ile kubwa itafika kasi gani. Mlimani ukiwa na mzigo, uliza ile ndogo ni ndogo kiasi gani.

Kwa haki, niseme na tabia yake mojawapo ambayo mnunuzi anapaswa kuijua mapema. Gia ya 1 hadi ya 7 zinapita kwenye hatua ya ziada ya kupunguza mwendo, na kwa hiyo zina mngurumo. Ya 7 ndiyo yenye sauti kubwa kuliko zote. Kuanzia ya 8 habu inatulia. Mpaka kati ya 7 na 8 una adabu yake: lazima ulegeze mguu kidogo wakati wa kubadilisha. Ukilazimisha huku unakanyaga kwa nguvu, kwa nukta moja unaweza kujikuta kwenye gia nzito kabisa kabla haijakaa sawa. Ndivyo ilivyoundwa, na mguu unazoea, kama unavyozoea klachi. Lakini mtu anayeijaribu kwa dakika kumi nje ya duka anaweza kuondoka akidhani ni mbovu.

Matamba tulilala. Asubuhi tukaendelea kupanda hadi Kitulo, uwanda ulio kwenye mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ikawa hifadhi ya taifa 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua na mimea. Nimepita sehemu nyingi za nchi hii kwa baiskeli na sijawahi kusimama mara nyingi kama nilivyosimama pale. Maua ya msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo Machi nyasi zote zimechanganyika na njano, zambarau, nyeupe, na okidi zilizojificha ambazo huzioni mpaka uweke baiskeli chini na kuinama. Ukungu unafunga, unafunguka, unafunga tena. Vidole vinakufa ganzi kwa baridi, na uko Tanzania, na jana mchana ulikuwa unatokwa jasho Chimala. Natamani kila mwenye baiskeli nchini apande huko angalau mara moja, iwe kwa gia za nje, za ndani, au bila gia.

Ila udongo wa huko haukubembelezi. Ni udongo wa volkano, mweusi, na ukilowa unashika tairi, unabeba nyasi, unajaza nafasi yote kati ya tairi na madigadi. Tulipotoka uwandani kuelekea upande wa milima ya Uporoto mvua ilitukuta njiani, na kwa saa nzima tulikuwa tukisukuma hatua chache, tunachokonoa tope kwa kijiti, tunasukuma tena. Madigadi ya mbele niliyafungua nikayafunga juu ya mzigo. Ushauri wangu kwa safari za masika ni madigadi yenye nafasi kubwa au usiwe nayo kabisa.

Baiskeli ya rafiki yangu ilishindwa hapo. Nyasi zilizochanganyika na tope zilijikunja kwenye mkono wa gia wa nyuma, ukavutwa ndani, ukagusa spoku, na kipande kinachoushikilia kikapinda. Hakuna wa kulaumiwa, mkono wa gia unaning'inia pale chini kabisa, sentimita chache kutoka ardhini, na kila kinachopita ardhini kinaugusa. Ni mahali pabaya pa kuweka kitu chenye viungo vidogo na springi. Tuliufungua, tukafupisha cheni, akaendelea na gia moja, akipanda kwa miguu kila penye mlima. Uporoto hakuna mahali pasipo na mlima.

Mimi cheni yangu ilikuwa imevaa tope kiasi cha kutoonekana rangi, lakini ilizunguka. Niliimwagia maji ya mtaroni, nikaipitishia kitambaa, nikaweka matone ya mafuta, basi. Ndani ya habu hapakuingia kitu. Gia zote 14 ziliitika vile vile zilivyoitika Iringa. Cheni inayokwenda mstari mmoja bila kupindishwa kushoto na kulia haichakai haraka, na sproketi yake ukiona meno yamelalia upande mmoja unaigeuza, upande wa pili unaanza maisha upya. Kwa mtu anayesafiri mbali na maduka, hizo ni hela zinazorudi kidogo kidogo.

Isyonje tulipata fundi chini ya kibanda cha bati. Keria yangu ilikuwa imepoteza skrubu, na rafiki yangu alitaka kunyoosha kile kipande kilichopinda. Fundi aliinua gurudumu langu la nyuma, akalizungusha, akainama kutazama upande wa cheni, kisha upande wa pili.

"Gia za hii ziko wapi, kaka?"

"Zimo humo ndani ya habu, fundi."

Hakujibu. Akaniambia nishike baiskeli ikae juu, akaweka mkono mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye kishikio, akaanza kubadilisha, moja baada ya nyingine, sikio lake karibu na habu. Alizihesabu zote kwa kusikiliza tu. Alipofika ya 7 akasita, akarudi ya 6, akaenda tena ya 7, akasema, "Hapa inafanya kazi ya ziada." Hakuwa ameambiwa chochote. Nimesoma maelezo marefu ya habu hii yaliyoandikwa na wataalamu, na yule bwana alifika kwenye jambo lenyewe kwa sikio lake katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kisha akauliza swali la haki kabisa: "Na ikifa huku?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ikifa kweli kweli inarudi Ujerumani.

"Basi usiiache ife," akasema, akaendelea na skrubu ya keria. Alipata inayokaribiana, akaikaza, halafu akaifunga juu kwa utepe wa tyubu iliyochakaa isilegee. Ule utepe ulifika Matema bila kusogea.

Swali lake ndilo udhaifu mkubwa wa habu hii kwa mazingira yetu, na sitaki kulipita juu juu. Gia za nje zikiharibika, fundi yeyote mjini anakupatia kitu. Tukuyu rafiki yangu alipata mkono wa gia wa mtumba kwa shilingi 15,000, umefungwa na kurekebishwa, na akaendelea na safari siku hiyo hiyo. Habu ikiharibika ndani, hakuna fundi wa njiani wa kuifungua, wala hatakiwi kuifungua. Kinachonituliza ni jinsi ilivyojengwa ili isifike huko. Ndani kuna pini za plastiki zilizowekwa makusudi zikatike kabla gia zenyewe hazijaumia mtu akizidisha nguvu, na kampuni imeweka kikomo cha meno ya mbele na nyuma unayoruhusiwa kutumia, ili miguu yako isiizidi. Usijifanye mjanja ukaweka meno madogo sana mbele kwa tamaa ya gia nyepesi zaidi.

Nje ya hapo, mambo yanayoweza kukusumbua njiani ni machache. Kuna waya mbili, mmoja wa kuvuta gia kwenda juu na mwingine kuvuta kwenda chini. Hatua za gia zinapimwa ndani ya habu yenyewe, kwa hiyo waya ukilegea kidogo gia hazipotei mahali pake, tofauti na gia za nje ambazo waya ukilegea kidogo tu cheni inaanza kurukaruka. Na waya ukikatika kabisa, unafungua kile kikasha cha pembeni mwa habu na kubadilisha gia kwa spana namba 8. Unachagua gia moja ya kufaa, unapanda, unakwenda. Mimi hubeba waya mbili za akiba na spana hiyo, na sijawahi kulala na wasiwasi.

Kutoka Isyonje hadi Tukuyu na Kyela ni kushuka, na ni kushuka kwa raha. Migomba, mashamba ya chai, mvua inayokuja bila hodi, kijani ambacho kamera haiwezi kukibeba. Breki zangu ni za kubana rimu, na tope la juu lilikuwa limezila mpira wake kama msasa, kwa hiyo Tukuyu nilibadilisha zote. Ningekuwa naanza upya ningefunga breki za diski, na habu hii inapatikana kwa aina zote mbili.

Ukifika Kyela hali ya hewa inakuwa nyingine. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, joto ni la kunata, jasho halikauki. Mpira wa kishikio cha Rohloff una pembe tatu badala ya kuwa mviringo, na nilikuwa nikidhani ni urembo. Kwa kiganja kilicholowa jasho nikaelewa kazi yake, hakitelezi. Pia baada ya kushuka kutoka baridi ya mita 2,600 hadi joto lile, niliona unyevu mwembamba wa mafuta pembeni mwa habu, na vumbi limeushika. Mwongozo wa kampuni unaeleza wazi kwamba hilo ni la kawaida, shinikizo la hewa likibadilika mafuta kidogo hutoka, na kilichobaki ndani kinatosha. Nilifuta kwa kitambaa, nikaendelea hadi Ipinda na Matema. Mke wa ndugu yetu mmoja pale alitupikia wali wa Kyela na samaki wa ziwani, na baiskeli zote mbili zilikaa ukutani zikiwa nzima. Ya rafiki yangu ilikuwa na mkono wa gia wa mtumba na ilifika pia. Nalisema hilo kwa makusudi.

Matunzo ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri. Mafuta hubadilishwa kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka, kinachotangulia. Unafungua skrubu moja ndogo kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 3, unasukuma ndani mililita 25 za mafuta ya kusafishia kwa bomba la sindano, unaendesha kama kilomita moja ukibadilisha kati ya gia ya 3 na ya 5, unamwaga, unaweka mapya. Kazi ya jioni moja kibarazani. Mafuta yenyewe inabidi uyaagize, kwa hiyo ukiagiza agiza ya miaka kadhaa.

Sasa bei. Ulaya habu peke yake inapita euro 1,000, na kwa shilingi unazungumzia milioni 3 na zaidi kabla hujalipia usafiri na ushuru. Hapo bado hujanunua rimu na spoku. Fremu nayo ina masharti: lazima kuwe na namna ya kukaza cheni, kwa kuwa hakuna mkono wa nyuma wa kuivuta, na lazima kuwe na mahali pa kuishikilia habu isijizungushe kwenye uma wa nyuma. Ukichukua fremu ya kawaida utahitaji chuma kirefu cha kuizuia na kifaa cha ziada cha kukaza cheni, na uzuri wa usafi wake unapungua. Uzito wake ni kama kilo 1.7 na ushee, wote nyuma, na ukiinua baiskeli kupandisha ngazi utausikia.

Kwa hiyo nani ainunue? Wewe unayesafiri kwa baiskeli yenye mzigo mwaka hadi mwaka, unayependa milima na masika, unayeishi na baiskeli moja na hutaki kuibadilisha, weka akiba. Gurudumu lake pia ni imara zaidi, kwa sababu sproketi ni moja na spoku za kushoto na kulia zinavutwa sawa, rimu haikai upande. Kwa barabara ya mawimbi iliyojaa mashimo hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolipa uzito. Wewe unayepanga safari moja ya ndoto, Kitulo mara moja halafu basi, nunua baiskeli ya chuma ya mtumba yenye gia za nje, funga meno madogo mbele, beba mkono wa gia wa akiba, na hela zinazobaki zitakulaza na kukulisha njia nzima. Kijana anayeanza namwambia hivyo hivyo.

Ukiamua ya mkono wa pili, ambayo ndiyo njia ya wengi wetu, fanya haya kabla hujatuma hela. Omba picha ya namba ya habu iliyochongwa juu yake, kisha iulize kampuni kama haijaripotiwa kuibiwa. Omba video baiskeli ikiwa imeinuliwa, gia zote 14 zikipitishwa kwenda na kurudi, na usikilize: mngurumo wa 1 hadi 7 ni halali yake, lakini kukwaruza kwenye 8 na kuendelea si dalili njema. Muulize mwenye nayo mara ya mwisho kubadilisha mafuta ilikuwa lini. Akisita kujibu, punguza bei au achana naye. Na hesabu matundu ya spoku, 32 au 36, kabla hujanunua rimu, maana rimu ya inchi 26 yenye matundu 32 na iliyo imara kweli kweli utaitafuta Kariakoo mchana kutwa.